Ughaibuni Hakuna "Kama Kawaida"

Riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie, Americanah, iliyotoka mwaka 2013, inaanza na safari ya nywele. Ifemelu anaishi Princeton, mji wa chuo kikuu huko Marekani, mji safi wenye kila kitu isipokuwa mtu wa kumsuka. Anapanda treni mpaka Trenton, anaingia saluni ya akina dada wa Afrika Magharibi, anakaa kitini, na sehemu kubwa ya kitabu inasimuliwa huku kichwa chake kiko mikononi mwa msusi. Wengi huikumbuka kama riwaya ya mapenzi. Sawa, mapenzi yamo. Mimi naikumbuka kwa swali lile la kurasa za kwanza: ukihamia kwa watu, nani atakushika kichwa?

Kwenye kitabu hichohicho yuko Obinze, mpenzi wake, ambaye anakwenda London. Viza inamwishia. Anafanya kazi kwa jina la mtu mwingine, Vincent, na huyo Vincent anakula sehemu ya mshahara kila malipo yakiingia. Anasafisha vyoo, anabeba mizigo ghalani, mwisho anakamatwa siku ileile aliyotaka kufunga ndoa ya karatasi na kurudishwa Nigeria. Adichie anatuonyesha baridi yake, aibu yake, hesabu zake za hela. Lakini Ifemelu alipewa kiti, Obinze hakupewa. Na Obinze ana kichwa, kichwa kina nywele, na mtu anayejificha kwenye kitambulisho cha mwenzake hawezi kuachia nywele zikaota ovyo hadi watu wakaanza kumtazama mara mbili. Nani alikuwa akimnyoa? Kwa pauni ngapi? Alimwonyesha kinyozi picha gani?

Simdai Adichie sura nzima ya kinyozi. Riwaya ni yake. Ila pengo hilo si la kitabu kimoja. Ukitafuta kazi zetu za uhamiaji, utakuta nywele za mwanamke zimepewa uzito wake, zimepewa historia, uchungu, pesa, kemikali. Za mwanamume zimepewa vichekesho. Sababu moja ni saa. Kusukwa kunachukua saa tano, saa sita, na ndani ya saa sita unaweza kusimulia maisha ya mtu. Kunyolewa ni dakika 25, halafu poda na taulo, haya nenda. Lakini mwanamume anarudi kitini kila baada ya wiki mbili, mara 26 kwa mwaka, na kila mara analipa. Hesabu hii ndiyo waandishi wanaipita mbio, na ndiyo mtu aliye ughaibuni anailalia na kuiamkia.

Angalia Coming to America ya mwaka 1988, ambayo nusu yetu tuliiona kwenye vibanda vya video ikitafsiriwa na DJ. Mwanamfalme Akeem anafika Queens, New York, na kitu cha kwanza cha ukoo anachokitoa mwilini ni kile kishungi chake cha kifalme. Kinyozi Clarence, ambaye ni Eddie Murphy huyohuyo chini ya vipodozi, anashangaa nywele zile ni za aina gani, kisha anakata mara moja tu kwa mkasi na kudai dola 8. Basi. Ni mzaha, lakini wallahi ni mojawapo ya matukio machache ya sinema ambapo Mwafrika amefika nchi ya watu, amekaa kwa kinyozi, na bei imetajwa. Sinema iliyofuata, Barbershop ya mwaka 2002 yenye Ice Cube, imejaa maneno na vicheko vya Chicago, na ni tamu, ila pale karibu kila mtu yuko kwao.

Kazi iliyolikaribia jambo lenyewe zaidi ni tamthilia ya Inua Ellams, Barber Shop Chronicles, iliyopandishwa jukwaani National Theatre, London, mwaka 2017. Ellams alizaliwa Jos, Nigeria, mwaka 1984, akahamia Uingereza na wazazi wake akiwa na miaka 12. Amesema wazo lilimjia baada ya kuona kikaratasi cha mradi wa kuwafundisha vinyozi misingi ya ushauri nasaha, kwa kuwa wanaume weusi humwambia kinyozi yale ambayo daktari hayasikii. Akazunguka Afrika na kinasa sauti, akaketi kwenye vibanda, akasikiliza. Tamthilia iliyotoka humo inafanyika siku moja tu, siku ya mechi ya Chelsea na Barcelona, ndani ya miji sita: London, Lagos, Accra, Kampala, Johannesburg na Harare. Mombasa haimo, Nairobi haimo, Dar haimo. Tunawakilishwa na Kampala, na tuseme tu ahsante.

Niliiona Mei 2020, National Theatre ilipokuwa ikiweka maonyesho yake YouTube bure, kila moja kwa wiki moja. Mombasa ilikuwa imefungwa, hakuna kuingia wala kutoka kaunti, na bando langu liliisha mara mbili kabla ya mwisho. Uingereza nako vinyozi walikuwa wamefunga tangu Machi. Wakaja kufungua tarehe 4 Julai. Kwa hiyo Waingereza wengi waliitazama tamthilia ya vinyozi wakiwa na vichwa vya miezi miwili. Naamini hiyo ilisaidia. Kitu ukikikosa, hata sauti ya mashine inakuwa muziki.

Na ni kazi nzuri, nisiwe mchoyo. Viti vina magurudumu, waigizaji wanaimba wakihamisha mji mmoja kwenda mwingine, na mzaha mmoja wa nzi aliyeingia kwenye kinywaji unasafiri kutoka duka hadi duka, kila mji ukiubadilisha kidogo, kama kweli porojo za vinyozi zinavyosafiri. Moyo wake uko London, kwa Emmanuel, mwenye umri, na Samuel, kijana anayenyoa dukani humo akiwa na kinyongo, kwa sababu babake, aliyekuwa mshirika wa Emmanuel, yuko gerezani. Ukiondoa mpira na siasa, tamthilia nzima inauliza kuhusu baba: yuko wapi, alikufundisha nini, nani anashika nafasi yake akiwa hayupo. Kinyozi ni mwanamume wa kwanza anayekugusa kichwa kwa upole bila kuwa na udugu na wewe. Ellams amelijua hilo na amelitendea haki.

Lugumi langu liko kwingine. Katika tamthilia hii uzito uko kwenye maneno, hauko kwenye mashine. Duka ni nyumbani hata kabla mlango haujafunguliwa. Wanaume wanaingia wakiwa tayari wanajuana, wanataniana, wanajua kiti cha nani ni kipi. Kwa mtazamaji aliyehama jana hii ni ndoto, maana kitu kigumu kuliko vyote kimeshafanyika nje ya jukwaa: mtu alitembea mji mzima akitafuta. Yeye alipita maduka mangapi akichungulia kioo aone kama ndani kuna kichwa kinachofanana na chake? Alisoma bei mlangoni akageuka? Tunaanza hadithi pale ilipoishia.

Nieleze ninachomaanisha kwa kuanzia mahali ninapopajua. Ukishuka kivukoni Likoni ukafuata barabara ya Shelly Beach kuelekea baharini, utavipita vibanda vya kinyozi usivyoweza kuvihesabu, mabati na pazia, redio na kioo kilichopasuka kona. Mimi nina wangu. Nikifika nasema maneno mawili, kama kawaida, kisha nafumba macho. Ndani ya maneno hayo mawili mna mkataba mrefu. Anajua kisogoni nina kovu, asilifunue. Anajua panja zangu zimeanza kurudi nyuma kama za marehemu babu, kwa hiyo laini ya mbele aifuate, asiisogeze. Anajua shingo yangu haitaki wembe. Anajua bei ni 100, na anajua wiki ambazo 100 hiyo italipwa Ijumaa ijayo. Hayo yote sikuwahi kumwambia kwa siku moja. Yalichukua miaka na vichwa vibaya viwili vitatu.

Sasa ajabu ni kwamba yeye mwenyewe si wa hapa. Ni Mkongomani wa Kivu, kama walivyo vinyozi wengi wa miji yetu, Wakongomani, Waganda, Warundi. Kiswahili chake kina "mutu" na kina mwendo wa kwao. Aliniambia mwanzo alipofika Likoni alikuwa hajui watu wa hapa wanaita nini ile nywele ya mbele ya sikio, akawa anaonyesha kwa kidole. Akafundishwa: hizi sharafa, hapa panja, huku kisogo, pale juu utosi. Kwa hiyo mtu aliyenipa mimi "kama kawaida" alikuwa mwenyewe yuko ugenini akijifunza kawaida ya wengine. Hili jambo moja tu lingetosha tamthilia.

Na msamiati tunao, si kwamba hatuna. Nyanya yangu akiwaona vijana waliopunguza pembeni wakabakisha juu, ile ambayo sisi tunaiita fedi na kudhani imetoka kwa wachezaji wa mpira, husema tu: mmekata denge. Denge ni mkato wa zamani Pwani, neno limo hadi kwenye kamusi. Mtoto wa Pwani hunyolewa nywele zake za kwanza siku ya saba, au wengine arobaini, na watu wakiwa wamejaa nyumbani na sahani za wali. Yaani kichwa chako cha kwanza kinashuhudiwa na mtaa. Ukitoka hapo ukaenda kunyolewa Doha na mtu asiyejua jina lako, ujue umetoka mbali.

Doha naisema kwa sababu ndiko wenzetu walikokwenda. Fasihi ikisema ughaibuni inamaanisha London na New Jersey. Ukiuliza Likoni, ughaibuni ni Doha, Dubai, Muscat, Jeddah. Binamu yangu yuko Doha, ni askari wa kulinda jengo. Kampuni yake ina sheria: kidevu kiwe safi, nywele ziwe fupi na zenye mpaka, na wakubwa hukagua vichwa kabla ya zamu kama shule ya msingi. Ukikutwa hovyo unakatwa mshahara. Kwa hiyo mtu akiniambia habari ya kinyozi ni urembo, mambo ya vijana kujipiga picha, naona hajakaa kwenye foleni ile. Nywele pale ni sharti la kazi.

Alipofika aliingia duka la karibu na kambi. Kinyozi alikuwa Mhindi wa Kerala, mtu mstaarabu, akamkaribisha, akamfunga kitambaa. Binamu akamwita "bhai" kama alivyosikia wenzake wakiita. Kiarabu alichonacho ni cha madrasa, na Kiarabu cha madrasa hakina neno la fedi. Wakabaki na Kiingereza, kila mmoja na maneno yake arobaini, na arobaini za huyu hazikuwa arobaini za yule. Usiku alinitumia sauti. Nusu dakika nzima alikuwa anacheka, au analia, kwa simu ni vigumu kujua. Akasema: "Ndugu yangu, mimi sikunyolewa. Nilinyonyolewa, kama kuku."

Tusimwonee yule bwana wa Kerala. Ufundi wake ni mwingine. Nywele nyoofu hunyanyuliwa kwa kitana na kukatwa kwa mkasi juu ya kitana, kidogo kidogo. Kwetu hakuna cha kunyanyua. Kazi ni ya mashine na mkono, na mwelekeo wa nywele unabadilika kila inchi, utosini zinazunguka, kisogoni zinapanda. Tena nywele zilizojikunja ukizikata chini ya ngozi kwa wembe, ncha zake zinapoota hurudi kuchoma ngozi na kuingia ndani, na hapo ndipo vipele vya shingo na kidevu vinapotoka. Kinyozi wa Likoni hajasoma hili popote, ila anajua shingo ipi isiguswe. Mwenzake wa Kerala anajua mambo mengine, ikiwemo kukukanda kichwa baada ya kunyoa, bure, hadi ukasahau kilichotokea. Binamu anakiri hiyo sehemu ilikuwa tamu.

Na hata sisi tukipewa kichwa cha wengine tunaharibu. Kuna mzee wa Kizungu, mmoja wa wale waliostaafu wakaja kuishi huku kusini mwa kivuko, aliingia kwa kinyozi wangu siku moja mimi nikiwa kwenye benchi. Kinyozi alizishika zile nywele kama mtu aliyepewa samaki asiyemjua jina. Akazunguka kiti. Akazima mashine, akaiwasha. Yule mzee alitoka akiwa kama kuruta wa jeshi, akatoa 300 badala ya 100, akashukuru sana kwa Kiswahili. Hakurudi.

Na msidhani kwa Waingereza mambo ni nafuu kwa sababu wana vyuo. Ni mwaka 2021 tu ndipo viwango vya kitaifa vya mafunzo ya nywele Uingereza vilipobadilishwa ili kila anayesomea kazi hiyo afundishwe na nywele za aina yetu. Kabla ya hapo mtu aliweza kusoma, akafaulu, akafungua duka na cheti ukutani, hajawahi kushika kichwa kama changu. Mwafrika akifika mji mdogo wa Uingereza akaona maduka manne ya kinyozi barabara moja, kumbe kwake yeye pale hakuna hata moja. Ndiyo maana watu hupanda treni. Ndiyo maana Ifemelu alipanda treni. Nauli nayo ni bei ya kunyoa, ila haiandikwi mlangoni.

Hebu tupige ile hesabu niliyosema inapitwa mbio. Binamu alilipa riyali 15. Ukinyoa kila wiki mbili ni riyali 390 kwa mwaka. Mshahara wa chini kisheria Qatar, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya chakula na malazi. Kwa mlinzi wa kiwango hicho, kichwa kinameza zaidi ya theluthi ya mshahara wa mwezi mmoja kila mwaka. Kwa shilingi zetu ni kama 13,000 na kitu. Kwa kinyozi wangu mwaka mzima ni 2,600, pamoja na mkopo na habari za mtaa. Riyali 15 haionekani nyingi ukiwa mtalii. Ukiwa unatuma pesa za karo Likoni, riyali 15 ni kilo za unga, na kila wiki mbili unaamua kati ya unga na mpaka wa nywele ambao mkubwa wa zamu ataukagua.

Kwa hiyo watu hutafuta nafuu. Mkenya akitua mji mgeni huuliza mapema sana: wapi unga, wapi msikiti au kanisa, wapi kinyozi wa bei nafuu? Hapa ndipo ninapotamani mwandishi asimame kidogo, kwa sababu nafuu ya mnyolewaji ina mtu mwingine nyuma yake. Paris, mtaa wa Château d'Eau, ni maarufu kwa saluni za Kiafrika; ukishuka tu kwenye treni ya chini ya ardhi unavutwa mkono na vijana wanaotafuta vichwa. Mwaka 2014, saluni iliyoko namba 57 Boulevard de Strasbourg, mtaa huohuo, wafanyakazi wake waligoma na kukaa ndani ya duka, wakidai mishahara waliyodhulumiwa na karatasi za kuishi Ufaransa. Wengi wao hawakuwa na vibali, ndiyo sababu waliweza kufanyiwa vile. Sasa fikiria kijana aliyefurahi kwamba mtaa ule kuna bei rahisi kuliko kwingine. Hakumdhulumu mtu. Alikuwa naye anatafuta chenji ya nauli. Lakini wote wawili walikuwa ndani ya kioo kimoja, aliyekaa na aliyesimama, na kila mmoja alikuwa mhamiaji.

Hata kibandani kwetu ni hivyo kwa kiasi chake. Ile 100 yangu, 50 ni ya mwenye kibanda. Mkongomani wangu anabaki na 50, na humo atoe chakula na kodi. Nilijua haya baada ya miaka mingapi ya kukaa kitini? Porojo zetu ni za mpira na wanasiasa. Ya kiti chenyewe hayasemwi. Hapo ndipo Ellams naye, pamoja na kinasa sauti chake na masikio yake mazuri, kwangu mimi anaacha mlango bila kuufungua: amesikiliza wanaume wanasema nini kwa kinyozi, na mimi nilitaka kusikia zaidi kinyozi anabaki na nini wakishaondoka.

Ulaya kuna watu wanakusanya vibao vya vinyozi vya Afrika Magharibi, vile vilivyochorwa kwa mkono, vichwa vya rangi na majina ya mikato, wanavitundika kwenye majumba ya sanaa. Ni vizuri kwa kweli. Nami nikivitazama kwenye simu huwa najiuliza kama mlinzi wa jengo lile, ambaye pengine ni Mkongomani au Msenegali, jioni anapotoka zamu anavuka mitaa mingapi mpaka amfikie mtu wa kumnyoa.

Binamu yangu alipata suluhisho lake mwezi wa tatu. Alinunua mashine, riyali 80, akafunga mlango wa bafu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata; yeye alijikata juu ya sikio la kushoto, pakabaki shimo la ukubwa wa sarafu, akaenda zamuni na kofia. Kwenye chumba chao wako wanane. Mghana mmoja alimwonea huruma, akashika kioo nyuma, akamwongoza. Wiki iliyofuata binamu akamnyoa yule Mghana. Kisha Mnepali wa kitanda cha chini akaja na kitana na mkasi wake, wakafundishana, mmoja nywele nyoofu, mmoja nywele ngumu. Sasa kila Ijumaa asubuhi kabla ya sala, ndoo imepinduliwa uwanjani kati ya vitanda, binamu ni kinyozi wa chumba. Riyali 5. Asiye nazo alipe mwisho wa mwezi.

Juzi alinisimulia kuhusu kijana mpya, ametoka Kwale, ana wiki moja. Alikaa kwenye ndoo, akafungwa shuka shingoni, akafumba macho, akasema: "Kaka, kama kawaida." Binamu akazima mashine. Akamwambia: "Kawaida gani, mdogo wangu? Mimi na wewe tumeonana leo." Kijana akafungua macho. Chumba chote kilicheka, hata Mnepali asiyejua Kiswahili, halafu, binamu anasema, kikawa kimya. Ikabidi aanze kuuliza: pembeni nipunguze? Panja niziguse? Una kovu? Ulikuwa unanyoa kwa nani? Kijana akataja kinyozi wake wa Ukunda, akaanza kueleza duka lilivyo, mlango uko wapi, redio gani. Kunyoa kulichukua saa nzima.

Hii ndiyo tamthilia ninayoitaka, na sidhani inahitaji viti vyenye magurudumu. Ndoo inatosha.

Binamu aliniomba kitu kimoja. Kwenye kibanda cha kinyozi wangu kuna lile bango la vichwa vyenye namba, Wamarekani weusi thelathini na ushei walioganda miaka ya tisini, wamefifia hadi wamekuwa wa buluu. Anataka picha yake aichapishe aibandike chumbani, ili Mghana, Mnepali na kijana wa Kwale waonyeshe tu kwa kidole. Nilikwenda jana. Nikamweleza kinyozi, ikabidi niseme mara mbili, kwamba vichwa vyake vinakwenda Doha. Alilitazama lile bango kana kwamba ndio mara ya kwanza kuliona. Namba 14 hadi 17 zilikuwa zimefunikwa na kalenda ya duka la simu, kalenda ya mwaka juzi. Akaivua msumarini, akalifuta vumbi bango kwa taulo ya wateja, akanisogezea taa.